Mama Bahasha na Kanga Iliyokaa Siku Nne Mvuani

...na ndiyo maana narudia nililosema juzi kwenye chai: wa kupigiwa makofi hapa ni Sista Evodia, siyo waliokuwa wakimcheka. Anastaafu tarehe 3 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi katika hospitali yetu.

Jina la Mama Bahasha alilipata kwa kupokea waliobakwa na kutunza nguo zao kwa ajili ya vipimo vya vinasaba. Alifundisha jambo moja: nguo mbichi ikaushwe kivulini, kisha iwekwe kwenye bahasha ya kaki. Ndani ya nailoni huvunda, na vinasaba huharibika. Jambo dogo hilo liliwashinda mabwana wenye vyeti ukutani. Walifunga nailoni mafundo mawili, wakajipongeza, majibu yakarudi kwamba hakuna kinachosomeka. Mtuhumiwa mmoja alirudi zake Majengo akipiga mluzi.

Februari 2021 ililetwa kanga ya mama mmoja mkulima wa ulezi. Ilikuwa imelala shambani siku nne, mvua ikiinyeshea. Ilikuja kwenye nailoni, bila shaka. Sista aliitandaza juu ya karatasi safi, akafunga chumba kwa ufunguo. Mkubwa wetu wa wakati huo alitaka iondoke saa ileile kwa kuwa gari la kupeleka vielelezo maabara Mbeya lilikuwa tayari. Akamuuliza kama amefungua udobi. Wenzetu wakacheka; kucheka hakuhitaji cheti.

"Gari litakuwepo na kesho, mkuu," alimjibu. "Huyu mama ushahidi wake ni kanga hii moja tu."

Akapewa barua ya onyo. Kanga ilikauka siku ya tatu, ikasafiri ndani ya kaki. Maabara ikasema vinasaba vingi vimevunjika, ila vilivyobaki vimetosha. Aliyeapa kwamba hamjui mama yule sasa yuko gerezani. Barua ya onyo haijafutwa hadi leo, lakini walioiandika wameomba kupiga picha na Sista. Wapige tu, nailoni za kuhifadhia picha wanazo.

Mimi niliolewa wiki tatu zilizopita, na Calvin wangu namtaja hata kwenye ripoti ya dawa. Zawadi ya Sista, vitenge sare vya mtu na mumewe, ilikuja kwenye bahasha ya kaki, imesainiwa juu ya gundi na kuandikwa tarehe, kama ushahidi. Calvin aliifungua taratibu kama anafungua barua yangu ya kwanza.

Asante, Sista. Upumzike nyumbani Matai kwa afya na furaha. Tumesikia mama wa kanga amekuletea gunia la ulezi. Weka maji jikoni: kabla Julai haijaisha, mimi na Calvin tutakuja na vitenge vyetu kunywa uji wa ulezi huo.