Ami Wadii, Mnyoa Mbavu

Sasa hivi binti yangu Hania, wa miaka minne, amemlaza mdoli wake ubavu kwenye meza ya mapokezi, akamchora nukta kwa kalamu yangu, mistari mitatu. Kisha akamkazia macho: “Haya, nani kakuonea huruma?” Nimecheka, halafu nikaichukua kalamu niandike haya.

Swali hilo ni la Ami Wadii Bishara. Alhamisi hii, tarehe 30 Aprili, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kliniki yetu ya wanyama hapa mtaani Muharram Bey.

Aliingia akiwa mfagiaji, kama mimi. Daktari mzee alipoona mbwa wakali wanamlalia miguuni, akampa mashine ya kunyolea. Tangu hapo kila mnyama aliyeletwa kupimwa mzio wa ngozi alipita mikononi mwake. Huipasha mashine joto kiganjani kabla haijagusa ubavu. Hunyoa bila kukwaruza, maana ngozi iliyokwaruzwa huvimba yenyewe ikadanganya. Huchora nukta, na daktari hudunga kila nukta tone dogo: vumbi, ukungu, chavua. Nukta moja hudungwa kitu cha kuvimbisha ngozi, na lazima ivimbe kwa mnyama yeyote. Isipovimba, kuna dawa mwilini, na kipimo kimeharibika.

Ndiyo maana dawa za kuzuia kuwashwa husimamishwa wiki kadhaa kabla, na hapo ndipo penye kazi: kukaa unamtazama mnyama wako anajikuna hadi damu. Wenyewe huapa hawajampa kitu. Ami haulizi habari za dawa. Huuliza nani kamwonea huruma. Kanali mmoja mstaafu, masharubu kama ufagio, alikiri hapa huku analia. Ami akamwambia, “Pole, afande. Nyumba nzima ina askari mmoja, na ndiye aliyesalimu amri!”

Lakini nikiandika ya kuchekesha tu nitakuwa nimemwibia.

Mwaka juzi Bi Odette, mjane wa mtaa wa nyuma, alimleta Simsim, mbwa wake wa pekee. Ngozi ilikuwa imefunguka mpaka nyama. Dokta Nermin, daktari wetu wa sasa, akasema tukijua kinachomdhuru tutamwokoa, basi alazwe hapa wiki ya mwisho kabla ya kipimo, asipewe dawa yoyote. Kila jioni nikifagia, Simsim alikuwa akilia kama Hania anavyolia ngozi yake ikimwasha. Siku tatu nilimpa kijiko cha dawa ya maji ya Hania ya kuwashwa, ile ya ladha ya stroberi, nikaichanganya na jibini. Niliona ni kijiko tu.

Siku ya kipimo hakuna nukta iliyovimba, hata ile ya lazima. Ami akatugeukia sote, “Nani kamwonea huruma?” Nilitazama ndoo yangu. Dokta Nermin akapandisha sauti. Ami akamnusa Simsim mdomo, ule wenye harufu ya stroberi, akanitupia jicho. Kisha akasema, “Ni mimi, daktari. Uzee umeniingia moyoni.”

Ikabidi tungoje upya, wiki nne bila dawa. Simsim hakufika. Wiki ya tatu vidonda vilitia sumu kwenye damu, akafia mapajani mwa Bi Odette, hapa hapa kwenye benchi. Ami akapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika faili lake. Hakuniambia neno. Wiki iliyofuata alinikabidhi mashine, “Ipashe joto kwanza, binti yangu,” akaanza kunifundisha.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa kliniki: kabla ya Alhamisi itoeni barua ile kwenye faili la Ami Wadii, muiweke kwenye langu. Mkiona nifukuzwe, nitaenda. Bi Odette nimeshamwambia jana. Aliuliza Hania anaendeleaje na ngozi yake.

Ami, asante kwa mikono yako na kwa kimya chako, ingawa kimya hicho kimenilemea. Nenda kapumzike kwa binti yako kule mjini Rashidi, ule samaki, asikuamshe mtu. Mimi nina tumaini kwamba hata mtu aliyekosea kwa huruma anaweza kujifunza kuvumilia, na—

Dokta Nermin ananiita. Amekuja paka wa kupimwa, na wenyewe wameshaanza kuapa. Naja, daktari, naipasha mashine joto.