Malkia Aliyekatazwa Kufa

Sogeeni karibu, jamaa na majirani, mlio uani ingieni, wakipendana watatu hukaa pa wawili, simu zizimwe, na shemeji aache kwanza kupanga viti, tukae kimya kwa ajili ya mtu aliyetunyamazisha maisha yake yote ili aandike.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, mtoto wa nne wa fundi cherehani, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, akaanza shule ya msingi mwaka 1952 na kumaliza sekondari mwaka 1963, ripoti yake ikisema ana akili ila anamkosoa mwalimu wa historia mbele za watu. Tarehe 2 Mei 1964 aliajiriwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi, na huko, katikati ya majalada ya kale yaliyotafunwa na mende, ndipo ugonjwa wa kuandika riwaya za watu wa zamani ulipompata, ugonjwa usio na dawa.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1969, na waliokuwapo hawajasahau, maana wakati huo alikuwa akiandika habari za watu walioishi kabla ya saa kuletwa, akazifungia saa zake zote kabatini ili ayajue maisha yao, akawa anakwenda kwa jua, na siku ile kulikuwa na mawingu. Bibi harusi alisubiri hadi maua yakalegea, na mama yake alipomnong'oneza, "Mwanangu, njia ya kurudi nyumbani bado ipo," bwana harusi akatokea anatweta, akiomba radhi kwa niaba ya jua. Walijaliwa mabinti wawili, mwaka 1971 na 1974, na kitindamimba wa kiume mwaka 1979, ambao walikua wakijua kwamba baba akizunguka ua na gunia la mchanga kichwani hajarukwa na akili, yuko sura ya tano na wapagazi.

Mkewe hakusoma hata darasa moja, lakini hakuna ukurasa uliotoka nyumba ile bila kupita masikioni mwake, mume akisoma kwa sauti jikoni, mke akichambua mchele na kuhukumu, "Huyu mpishi wako kabandika maharage sasa hivi na sasa hivi yameiva, kwa kuni gani hizo?" naye marehemu akifuta mistari mitatu huku ananung'unika. Vitabu sita vilitoka hivyo. Cha saba, alichokianza Februari 2011, kilihusu malkia mzee wa mji uliozingirwa na maadui, ambaye kwa mujibu wa majalada alikufa kabla lango halijafunguliwa, lakini mkewe alikuwa ameshampenda, akasema, "Ukimuua huyo, Baba Watoto, chakula utajipikia." Basi mji ukazingirwa miaka kumi na mmoja. Mhariri akipiga simu, anajibiwa kwamba maadui bado wako nje, na mke akiuliza watu wa ndani wanakula nini mpaka leo, mume anachimba njia ya siri na sura nyingine inaongezeka, hadi kurasa zikafika elfu moja mia mbili.

Juni 2022 daktari aligundua kwamba figo za marehemu zimechoka, akalazwa kitanda cha nne karibu na dirisha, akaendelea kuandika, akiogopa jambo moja tu, kumtangulia malkia. Tarehe 11 Oktoba, baada ya chakula cha mchana, alimsomea mkewe ukurasa wa mwisho, sauti ikimkatika kila mstari, malkia bado ameketi langoni, macho mazito, hataki kulala. Mkewe alimfuta jasho, akasema, "Mama wa watu kachoka. Mwache aende, Baba Watoto, lango tutalifungua sisi." Marehemu akaandika mistari tisa, hakufuta hata mmoja, akafariki tarehe 13 Oktoba, saa nne asubuhi.

Familia inamshukuru daktari, wauguzi waliovumilia wino kwenye mashuka, majirani, wenzake wa masjala, na mhariri kwa subira yake. Kwa wosia wake, meza yake ya kuandikia ni ya binti mkubwa, koti lake ni la kitindamimba, majalada yarudi masjala alikoyaazima mwaka 1968, kurasa zote ni za mkewe, na binti wa pili amerithi kazi ya kumsomea, naye ameshaambiwa kwamba ukurasa wa kwanza una kosa.

Pumzika, Baba Watoto, amani ikulinde.