Pikapu Iliyokaa Tayari

Kijiwe chetu cha Kitengela kina mabenchi mawili ya mawe, birika la Naisenya la kahawa ya tangawizi na, wiki hii, pikapu kuukuu ya Maundu, imeegeshwa ikitazama barabara kuu. Mke wake Nyawira alikuwa anangoja siku yake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa getini pa hospitali, bawabu akishika tochi, kwa sababu Maundu alikuwa bado anazunguka kuazima gari. Safari hii aliapa mtoto atazaliwa ndani, kitandani. Sisi tukaapa pamoja naye. Kuapa kwa niaba ya mwenzio hakuchoshi. Asubuhi hiyo ndege mbili za kijeshi zikapita juu yetu kwa kishindo kilichomwaga kahawa ya Njuguna, dalali wa mashamba tunayemwita Ploti.

PLOTI: Hao wanapima mashamba. Kesho utaskia bikoni za mipaka zimehama.

Obura akacheka. Huyu tunamwita Jenerali. Aliwahi kuwa karani wa stoo kambini, na mpaka leo hajastaafu kusema “sisi jeshini”.

JENERALI: Wewe kila kitu ni ploti. Hizo ni ndege za tahadhari. Rubani anakaa hapo na buti zake, ndege imeangalia njia. Rada ikiona kitu haijulikani, kengele inalia, jamaa anakimbia, anaruka. Hujamaliza kikombe, ako mawinguni.

MAUNDU: Bila barua?

JENERALI: Bila barua. Hicho ndicho kitu pekee cha serikali kinaondoka kabla faili ifike.

PLOTI: Na wameona nini?

JENERALI: Ndege ngeni. Inaitwa kwa redio, inanyamaza.

PLOTI: Sasa kuifukuza ya nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

JENERALI: Apone nini? Ni nani mgonjwa?

NAISENYA: Labda ni korongo. Wale wa kula takataka. Ukiwaona kwa umbali, unaweza piga saluti.

PLOTI: Si korongo. Kuna tajiri wa Isinya anahesabu mbuzi za jirani na droni. Hiyo ndiyo wanafuata.

MAUNDU: Au kuna waziri amesahau chaja Namanga.

JENERALI: Kijana, heshimu jeshi. Chaja inaendewa na helikopta. Jeti ni ya miwani.

Tulicheka mpaka bodaboda wakageuka. Maundu akainua mguu tuone.

MAUNDU: Hata mimi nimelala na viatu.

JENERALI: Ndiyo maana nilikupangia kikosi. Ploti asimamishe magari. Mwandishi hapa, anayeandika kila tunachosema, abebe mkoba wa mtoto. Mimi nitoe amri.

PLOTI: Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ndiyo sababu sisi tumeweka haraka tatu.

JENERALI: Na taa za tahadhari za pikapu ziko on. Zimewaka tangu jana, dunia nzima ijue tuko macho.

Kweli zilikuwa zinapepesa, ingawa kwa uvivu kidogo. Tulidhani ni jua tu linazififisha.

Tulikuwa tunangoja kupigiwa simu. Badala yake Nyawira akaja mwenyewe kwa miguu, ameshika kiuno, mama yake Mugure kando. Mugure huendesha lori la nyasi kutoka Kiserian, na Maundu humwogopa kama mkwe mwenye adabu anavyopaswa.

MUGURE: Maundu. Washa gari.

Maundu akaruka ndani, akazungusha funguo. Pikapu ikasema “ka”, kama kuku aliyemeza punje, ikanyamaza. Taa nazo zikafumba macho.

MUGURE: Ni nani aliwasha hizi taa zikamaliza betri, na za nini?

Ploti akachunguza viatu vyake. Naisenya akachungulia ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo. Jenerali akasogea nyuma ya Ploti.

NYAWIRA: Mtajibu nikishazaa. Sukumeni, jameni!

MUGURE: Maundu, toka hapo kwa usukani. Nitaendesha. Wewe sukuma, ikishika uruke nyuma.

MAUNDU: Sawa, Mum.

Nyawira akapanda mbele kando ya mama yake, sisi tukaweka mabega. Ploti akasahau magari, mimi nikarusha mkoba nyuma, bodaboda wakaja, Naisenya akashika bampa. Pikapu ikateremka, ikakohoa, ikatufunika moshi, ikanguruma! Ikaingia barabarani honi ikilia. Tulipiga vigelegele, tukakumbatiana, Maundu akimkumbatia Jenerali kwa nguvu kuliko wote. Zile ndege zikarudi zikipita juu. Hakuna aliyeinua kichwa.

NAISENYA: Maundu, si wewe ulikuwa uruke nyuma?

Maundu akakimbia kwa miguu, kisha akakumbuka bodaboda.

Kahawa ilikuwa imeisha simu ya Mugure ilipoingia. Msichana. Amezaliwa ndani, kitandani, na anapiga kelele kushinda jeti. Tukauliza kama baba amefika.

Amefika, akasema Mugure. Lakini bawabu ni yule yule wa tochi, na amemwambia saa za kuona wagonjwa bado. Safari hii aliye getini ni Maundu.