Kengele ya Lori la Majani

Benchi la Rodah, muuza chai, liko kando ya barabara ya Roret, limetazamana na kituo cha kununua majani chai. Wanaolikalia hawataki habari ya kahawa. Wanakunywa chai ya maziwa, wao ndio wakulima wake. Saa nane mchana, manyunyu yakiwa yameanza kama kawaida ya huku, benchi lilikuwa na watatu. Kulikuwa na Mzee Kiptum, aliyepewa jina la Josho kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa josho la ng'ombe mpaka likakauka. Kulikuwa na Kipsang, au Dishi, aliyewahi kufunga madishi ya televisheni na hajaacha kulitaja jambo hilo. Katikati yao alikaa Ratemo, fundi wa redio na simu wa kibanda cha jirani, wanayemwita Waya, amepakata mkebe wa bati na uso umemshuka.

Ndani ya mkebe mlikuwa na transmita ya kurusha mawimbi, aliyoiunda mwenyewe: betri, kitufe kimoja na kipande cha waya cha antena. Risiva ya kuyapokea ilikuwa nyumbani, ng'ambo ya bonde, na kengele ndogo juu ya mlango wa jikoni. Lori la kiwanda halina saa. Leo linakuja saa sita, kesho saa kumi na moja, na asiyekuwepo karani akipima, majani yake yanalala na kuungua kwa joto la gunia. Bonareri, mke wa Ratemo, alikuwa akilisubiri hapo kituoni kwa saa nyingi, amesimama, mpaka goti la kushoto likavimba na daktari wa Kapkatet akamwambia apunguze kusimama. Simu haishiki kule bondeni. Ndipo Ratemo akawaza: lori likionekana atabonyeza, kengele italia, naye mkewe atashuka na gunia lake mara moja, apime, arudi.

Jumatatu lori lilikuja, akabonyeza, Bonareri hakutokea. Jumanne vilevile. Majani yalipoletwa Jumatano yalikuwa mekundu, na karani akayakataa mbele ya watu. Bonareri hakumlaumu mumewe, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Alisema tu kwamba leo, Alhamisi, ikishindikana, kesho atarudi kusimama.

— Huko nyumbani inalia? Dishi aliuliza.

— Inalia. Naenda nayo mpaka kwa kijito, inalia. Nikiileta hapa, kimya.

— Betri?

— Mpya.

— Na solda, waya zimeshika?

— Nimerudia pointi zote jana. Taa yake inawaka nikibonyeza. Inatuma, shida ni kufika.

Dishi alikunywa chai akatoa hukumu. Majani chai ndiyo yanayokunywa mawimbi. Alipofunga madishi kule Chepseon, kwenye mahindi, picha zilikuwa safi kabisa. Huku jani halikauki mwaka mzima, na jani bichi lina kiu. Dawa ni kupogoa mteremko wote, kutoka barabarani mpaka kwenye kijito.

— Nikate majani ya watu ndio kengele ilie?

— Mtaka cha mvunguni huinama, boss.

Mzee Josho alitikisa kichwa. Yeye aliona kosa ni feni za kiwandani, zile za kunyausha majani. Upepo wake unasukuma mawimbi mpaka Sotik. Tena, mawimbi yenyewe yana pupa.

— Mwenda pole hajikwai, alisema. Hiyo wimbi yako inatoka hapa na mbio. Ikifika kwa kona ya kanisa inaanguka. Wewe punguza mbio.

— Mzee, mawimbi ya redio haina kona.

— Kila kitu hapa Bureti iko na kona.

Dishi aliipenda habari ya Sotik, akaikuza. Kwa maoni yake kengele ilikuwa inalia vizuri sana, ila kwa mtu mwingine. Kuna mama huko Sotik ameshaacha ugali jikoni mara mbili kwenda kumfungulia mgeni asiyekuwepo. Josho akasema basi Ratemo apande juu ya benchi, aelekee kwake, abonyeze kwa nia moja. Ratemo, aliyekuwa ameishiwa, alipanda kweli, akabonyeza. Ng'ambo kulikuwa na ukungu mtupu.

Rodah alikuja na birika. Alimtazama fundi mzima akiwa amesimama juu ya benchi lake na viatu vya matope.

— Huko nyumbani unajaribu ikiwa imefunikwa hivyo?

— Hapana, inakuwa wazi. Hapa nafunika juu ya mvua. Ya kwanza ilinyeshewa ikakufa.

— Na mkebe ni bati.

— Ni bati.

Rodah akamimina chai, akaenda zake. Ratemo aliteremka polepole, masikio yakiwaka moto. Kila wiki huwaambia wateja kwamba redio ndani ya nyumba ya mabati haishiki vizuri mpaka uvute waya nje. Naye, kwa mikono yake miwili, alikuwa ameifungia antena ndani ya bati na kubana kifuniko.

Aliitoa transmita, akausimamisha waya wima, akaifunikia bakuli la plastiki la Rodah. Akabonyeza. Josho akadai abonyeze naye, kwa heshima ya uenyekiti. Dishi alibonyeza mara mbili, apime kama majani bado yana kiu. Rodah mwenyewe aliitwa akabonyeza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona. Ratemo akamalizia kwa kushikilia kitufe muda mrefu, moyo umemtulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Chai haijapoa, Bonareri akatokea kwenye ukungu. Alikuwa na gunia mgongoni, amelowa, akikimbia kama anavyoweza kukimbia mwenye goti moja zima. Ratemo aliruka kwa furaha, maana kengele imefika. Furaha ilimjia kwanza, kabla ya kuona jinsi anavyouburuta mguu, na hilo lilimtia haya.

— Lori imeenda? aliuliza Bonareri, akihema.

Ratemo aliutoa mkono kwenye kitufe.

— Haijakuja, Mama Mongina, alisema Ratemo. Tulikuwa tunajaribu.

Bonareri alilitua gunia.

— Ya kwanza ikilia nilivaa gamboti. Ya pili nikabeba gunia. Ikaendelea kulia tu. Nikasema lori inatoka, Baba Mongina ananiambia kimbia. Nikakimbia.

Dishi alisimama ampishe, akamwambia, keti mama. Hakuketi. Aliwatazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelezwa.

— Sasa kesho ikilia, nitajua aje ni lori, na nitajua aje ni nyinyi?

Mvua ilizidi. Ratemo alikitazama kitufe, akakitazama kituo kitupu ng'ambo ya barabara. Bonareri akalibeba gunia lake, akavuka barabara, akasimama kituoni kulisubiri lori.