Sindano ya Chumba cha Hoteli

Bwana asifiwe sana! Asifiwe tena, maana leo nimesimama kwa miguu yangu yote miwili!

Ndugu zangu, nimekuja na hasira, na mchungaji ameniruhusu niwe nayo. Nitataja makalio humu ndani. Anayeona haya aangalie chini.

Mnanijua, mimi ni mama wa majinzi. Kule Xintang, kwenye viwanda vya Wachina, kila suruali naigeuza, navuta uzi, nikiona kasoro namwambia laoban, bosi wa kiwanda, "Bu yao, sitaki!" Lakini kuna dada wa kwetu Dar anayechoma wanawake sindano za kunenepesha makalio, katika chumba cha hoteli, hapa mjini karibu na barabara ya Guangyuan Xilu. Alinichoma dawa ya chupa isiyo na jina, nami nikamshukuru! Kisa? Aliniita shosti wake, akanichoma huku anaimba pambio.

Ukaja uvimbe, kisha usaha, kisha homa ya kutetemeka. Nikampigia, simu imezimwa. Muuaji yule!

Hospitali nilikwenda na Kaka Elia, mkalimani wetu, huyu huyu anayetusemea bei sokoni. Sasa, ndugu zangu, mwanamume wa kwaya, anayemjua mume wangu, nimwambie nini? Nikasema, "Mwambie ni jipu." Akatafsiri jipu, nikapewa dawa za jipu. Uvimbe ukashuka pajani, mguu ukafa ganzi.

Tuliporudi hospitali, daktari akasema sumu inaingia kwenye damu, nitakufa, na yeye haoni chanzo. Hapo Roho akanisukuma, haya zikanitoka! Nikapiga kelele:

"Kaka Elia, mwambie nimechomwa sindano za makalio! Mwambie hivyo hivyo!"

Akainamisha kichwa, akamwambia. Nikapigwa picha, nikapasuliwa, wakaitoa ile dawa ya utelezi niliyochomwa na kuosha kidonda siku baada ya siku. Msiniambie ningefunga na kuomba tu! Niliomba, na Mungu alinijibu kwa kunifungua mdomo.

Namshukuru, niko hai. Yule dada bado anachoma, na pambio bado anaimba. Ole wake!

Wapendwa, mtumainieni Yesu, na daktari mwambieni kweli. Na wewe dada uliyekalia upande mmoja tangu ibada ianze, nakuona. Sitakutaja. Tukitoka hapa tunakwenda hospitali, mimi na wewe, na kama mdomo wako utakuwa mzito, nitasema mimi.