Mama Chokaa na Mlango Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, na aliye jikoni apunguze moto kidogo aje asikilize. Leo tunamkumbuka msanifu majengo. Mwanamke aliyetuachia jengo la ghorofa nane katikati ya jiji, jengo lenye mlango mmoja wa kuingilia. Mlango mmoja tu. Wengi hawakulijua jina lake. Walimwita Mama Chokaa. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa nyumbani kwake.

Alizaliwa mjini, akakulia mjini, katika chumba kimoja juu ya karakana ya seremala. Mdogo wake wa kiume anasema, "Sisi saa yetu ilikuwa msumeno. Ukianza kulia chini, ujue kumekucha. Dada akitoka shule alikuwa analala chali sakafuni, anachora hewani kwa kidole. Mama akimuuliza anafanya nini, anajibu, naongeza chumba."

Akasoma, akafuzu usanifu, akaolewa na mwalimu wa shule ya msingi. Akafungua ofisi ndogo yenye meza tatu na feni iliyokuwa ikilalamika kutwa nzima. Alichora shule. Alichora zahanati. Kisha ikaja kazi iliyomkosesha usingizi.

Wasikilizaji wapendwa, mtakumbuka jinsi mtaa ule ulivyokuwa. Vibanda na nyumba zimebanana, kuta zimepasuka, choo kimoja kinahudumia ukoo mzima na wapangaji wake. Halmashauri ya jiji iliamua kubomoa na kujenga upya. Mama Chokaa akapewa kazi ya kuchora. Chini aliweka maduka, karakana na zahanati. Ghorofa ya kwanza, chekechea. Kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu, nyumba za kuishi. Nusu ya nyumba hizo zilikuwa za wakazi wa zamani, kwa kodi nafuu. Nusu nyingine zingepangishwa kwa bei ya kawaida ya mjini, ili jengo lijiendeshe.

Wakazi wakahamishiwa pembezoni mwa jiji wakisubiri. Mmoja wao alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani. Wifi anasimulia, "Siku ya kuhama alinishika mkono, akaniambia, wifi, utarudi hapa. Nikamwambia, nisiporudi nahamia kwako, mimi na cherehani zangu zote, sebuleni. Akasema, basi lazima nilijenge."

Mama Chokaa alicheka, lakini moyoni hakuwa na amani. Alijua watu wakishapelekwa mbali, ni rahisi kusahauliwa.

Na kweli, msingi haujachimbwa, kamati ya ujenzi ikamwita. Mwenyekiti alimwambia kwa upole kwamba michoro ni mizuri, ila kuna jambo dogo. Wapangaji wa kodi kamili hawatakubali kupanda lifti moja na watu wa kodi nafuu. Aongeze mlango wa pili. Uwe nyuma, upande wa mapipa ya taka. Wakazi wa zamani wapitie huko, wawe na lifti yao.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "hao wa nyuma ndio wenyeji."

"Hatujasema wasirudi," mwenyekiti akajibu. "Tunasema tu wapitie wapi."

Akaambiwa kama hawezi, atatafutwa msanifu mwingine.

Alirudi nyumbani. Mumewe akamtengea chakula, hakukigusa. Mwalimu akamwambia, "Mama watoto, watoto wangu darasani nikiwaeleza kitu kwa maneno hawaelewi. Nikiwatoa nje wakakikanyaga, wanaelewa."

Basi akanunua magunia ya chokaa, ile wanayochorea viwanja vya mpira. Kiwanja cha jengo kilikuwa kitupu, mtaa umeshabomolewa. Yeye na mafundi wake wakachora ghorofa ya chini pale ardhini, kwa ukubwa wake halisi. Kila ukuta, kila mlango. Na ule mlango wa nyuma akauchora vilevile kama kamati ilivyotaka, na mapipa ya taka akayapanga hapo. Hakupunguza kitu. Kisha akaialika kamati, akawaalika na wakazi.

Akamwomba mwenyekiti aingie kwa mlango wa nyuma. Mwenyekiti akapita kwenye mapipa, akafuata mistari. Ujia ulikuwa mwembamba, maana ulilazimika kupita kati ya zahanati na ngazi. Katikati ya ujia akakutana na fundi saa wa mtaa ule, anayetembelea kiti cha magurudumu, anatoka. Hawakuweza kupishana. Wakatazamana.

Fundi saa akamwambia, "Samahani mzee. Mimi hapa siwezi kugeuka."

Mwenyekiti akarudi kinyumenyume mpaka kwenye mapipa. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akakung'uta chokaa kwenye viatu, akaingia garini, akaondoka.

Hapo ndipo jina la Mama Chokaa lilipozaliwa. Lakini yeye hakulifurahia siku hiyo. Alikuwa amemwaibisha mkubwa mbele za watu. Wifi yake akamnong'oneza, "Wifi, sasa tumekwisha. Nikapime sebule yako?" Hata hilo halikumchekesha.

Siku zikapita, kimya. Kila simu ikilia, roho juu. Mwishowe mwenyekiti akapiga mwenyewe. Mumewe alimkuta ameketi sakafuni jikoni, simu mapajani, machozi yanamtiririka. Mwalimu akadhani mambo yameharibika.

"Amesemaje?"

"Amesema pale aliporudi kinyumenyume hakupata nafasi hata ya kugeuza shingo. Amesema nichore mlango mmoja." Akashusha pumzi ndefu. "Ila uwe mpana."

Mlango mmoja, wasikilizaji wapendwa. Mpana.

Jengo likakamilika, na wakazi wakarudi. Wote waliotaka kurudi walirudi. Lakini Mama Chokaa alikuwa na hofu nyingine. Wiki za mwanzo, watu walipanda lifti wakitazama dari. Salamu hakuna. Wakati huo alishaanza kuugua. Hata hivyo alikuwa anakuja, anaketi kwenye benchi pale mlangoni, anawatazama wakiingia na kutoka. Akajiuliza kama kazi yake yote imezaa ukimya.

Siku moja alirudi nyumbani uso umechangamka. Mumewe akauliza kulikoni.

"Wamegombana."

"Nani?"

"Dada yako na yule mpangaji wa kodi kamili, yule wa benki, wa ghorofa ya saba. Huyo wa benki kaacha baiskeli mlangoni. Wifi kamwambia, wewe, hapa si gereji ya baba yako. Yule naye kamjibu, na vitambaa vyako kwenye ngazi je? Wamegombana, wakachoka, wakasaidiana kuihamisha ile baiskeli." Akajilaza kwenye kochi. "Wameshakuwa majirani. Sasa naweza kuugua kwa raha zangu."

Binti yake anasema maneno hayo yalimtuliza hata yeye. "Mama aliishi miezi mingi baada ya hapo. Hakuzungumzia tena jengo. Alizungumza nasi, wanawe. Alifariki mchana, baba akimsomea gazeti. Tunalia, lakini hatuna kinyongo. Hakuondoka na kitu kifuani."

Msibani, wifi na yule wa benki walikuja kwa teksi moja. Inasemekana walibishana njia nzima nani alipe.

Kwa mwalimu, kwa watoto, kwa mdogo wa marehemu na kwa wifi yake, sisi hapa studioni tunawapa pole. Mungu awape nguvu, na ampumzishe mpendwa wenu mahali pema.

Na sisi tuliobaki, tutafakari. Mitaa mingine ya jiji hili inangoja kubomolewa, na kamati zinakaa. Wewe unayechora, wewe unayepiga muhuri, na wewe unayelipa kodi yako kamili na kutaka utulivu: ile njia unayomtengea mwenzako, umewahi kuipita mwenyewe?