Tata Ruffin na Msumari wa Koti Jeupe

Tarehe 31 Julai mwaka huu, Tata Ruffin Samutela, mzee wetu na mkuu wa wahudumu wa ukumbi wetu wa Hoteli Mwangaza, Dilala, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Sisi wa jikoni ndio tuliopewa kuandika wasifu huu wa kusomwa leo ukumbini katika kumuaga, jambo alilolipinga mwenyewe. Alitaka uandikwe na watu wanaomheshimu. Tunamheshimu sana, ila tunamfahamu pia.

Alitoka Sandoa akiwa kijana, akaanza kwa kuosha glasi. Mkuu wa wakati huo akamfundisha kufungua divai: kitambaa mkononi, chupa isitikiswe, kizibo kitoke kwa mlio mmoja, po, kisha kipelekwe puani kwa mkubwa wa meza. Tangu hapo tirbushon, kile chuma cha kuchomolea vizibo, haikumtoka mfukoni. Huenda nayo hata kanisani. Siku moja aliitoa badala ya ufunguo, akahangaika na kitasa cha nyumba yake mpaka mkewe, Mama Huguette, akamfungulia kutoka ndani.

Hapa kwetu mlio ule una kazi. Kwenye harusi, mjomba wa bwana harusi huonja kwanza kwa niaba ya ukoo, na kina mama hawapigi vigelegele mpaka wasikie po. Bila vigelegele chakula hakitoki. Tunajua sisi tuliokwisha kuona wali ukipoa.

Ndipo zikaja chupa za kifuniko cha kuzungusha. Myriam, mtunza stoo wetu, alizipenda papo hapo. Alisema vizibo huipa divai harufu ya kuvu. Tata Ruffin akajibu kwamba divai hupumua kupitia kizibo, nasi tukamuuliza itapumua nini katika vumbi hili la malori ya madini. Kesi ikapelekwa kwa Djamila wa uhasibu, ambaye kwa dini yake divai haigusi, hivyo hana upande. Djamila akaamua kwamba kitu kinachogombanisha watu kabla hakijafunguliwa, heri kibaki kimefungwa.

Hakuna aliyeridhika. Katika mkutano wa wafanyakazi Tata Ruffin akaapa: siku atakayozungusha kifuniko cha divai kama anayefungua mafuta ya kupikia, atatundika koti lake jeupe na kurudi Sandoa kulima karanga.

Kisha binti yake wa mwisho, Naomie, akachumbiwa na kijana wa Likasi. Baba alikuwa amemwekea chupa za vizibo tangu akiwa sekondari. Chupa ya kizibo hulazwa, ili kizibo kisikauke kikapitisha hewa, na Tata Ruffin anajua hilo kuliko wote. Lakini stoo yetu iko upande wa Musonoi, na mgodi unapolipua mwamba rafu hutetemeka. Chupa mbili ziliviringika zikavunjika. Akaogopa, akazisimamisha zilizobaki, na zikasimama hivyo kwa miaka.

Siku ya harusi, wakwe wameketi na mjomba wa bwana harusi ameshika glasi, Tata Ruffin akafungua ya kwanza pembeni ili aionje. Siki. Ya pili, siki. Kutoka dirisha la jikoni tulimwona akishika ukingo wa meza. Baba wa bibi harusi, tena mwenye sifa ya divai mji mzima, anawanywesha wakwe siki: neno kama hilo ukoo hausahau. Naomie alikuwa akimtazama kutoka meza kuu, anatabasamu, hajui kitu. Tulimwonea huruma, hata sisi.

Akaingia stoo.

“Mama Myriam, leta ile machupa yako ya kuzungusha. Kuseka, utaseka kesho.”

Myriam akazileta bila kucheka. Tata Ruffin akafunika shingo ya chupa kwa kitambaa, akaenda nayo mpaka kwa mjomba, akageuka kidogo kama anayetafuta mwanga, akazungusha. Halafu akainamisha uso nyuma ya kitambaa, akatia kidole shavuni, akatoa po ambayo hakuna kizibo kilichowahi kuitoa. Vigelegele vikajaa ukumbi. Mjomba akaonja, akafumba macho, akakisifu kizibo:

“Divai ya bushon, tata, hata sauti yake tu unaijua.”

Wakwe, kama mko ukumbini leo, mtusamehe. Wajukuu wamekwisha kuwa watatu, na mahari hairudi.

Myriam hakucheka kesho yake, wala baadaye. Kazi ya kucheka tuliifanya sisi: tulipigilia msumari nyuma ya mlango wa stoo, tukaandika juu yake kwa chaki, “Koti.” Tata Ruffin aliutazama, akatundika mwavuli wake, akaenda kupanga meza. Mwavuli uko pale hadi leo. Siku hizi karibu divai zetu zote ni za kuzungusha, na hakuna harusi iliyokosa po. Amewafundisha wahudumu wote, ingawa wapo wanaotoa mlio wa mtu aliyepaliwa.

Tata Ruffin, asante kwa ukali wako na kwa vicheko vyako. Siku ile uliweka heshima yako chini ili mtoto asiaibike, nasi tunakupenda kwa hilo. Wewe na Mama Huguette mkaishi vema kule Sandoa, karanga zikubali, na wajukuu waje mara nyingi.

Ila usiondoke kabla ya jambo moja. Ipo chupa ya kizibo ambayo Myriam, adui wa vizibo, aliinunua wiki ile ya harusi. Ameilaza rafuni miaka yote hii, ameifunga kwa kamba ili milipuko isiiviringishe, na mpaka wiki hii hakuwa amemwambia mtu kwamba anakuwekea wewe. Leo utaifungua kwa tirbushon yako. Ikiwa siki, tutainywa wote na kusema ni tamu. Kizibo kikitoka kimya, vidole tunavyo.

Halafu chukua mwavuli wako, tata. Msumari unangoja koti.